Ukimwacha kijana aamue njia

Wazazi wanaoniletea fomu za safari huwa na swali moja: "Mwalimu, utakuwa nao muda wote?" Nikijibu kwamba la, wengine huirudisha kalamu mfukoni.

Mimi husimamia safari za Tuzo ya Rais hapa Kenya. Ni mpango wa vijana wa miaka 14 hadi 24, uliotokana na tuzo aliyoianzisha Mwanamfalme Philip nchini Uingereza mwaka 1956 kwa kushawishiwa na Kurt Hahn, Mjerumani aliyeanzisha shule ya Gordonstoun ambako Philip mwenyewe alisoma. Kenya iliingia mwaka 1966. Ngazi ni tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kwenye kila ngazi kijana huihudumia jamii, hujifunza ustadi fulani, hufanya mazoezi ya mwili, kisha huenda safari.

Safari ya shaba ni siku mbili na usiku mmoja; ya dhahabu ni siku nne, usiku tatu. Kundi huwa la vijana wanne hadi saba. Hujibebea hema na chakula, hujipikia, na kuitafuta njia kwa ramani na dira. Msimamizi hatembei nao. Huwasubiri mahali walipokubaliana, au huwafuatilia kwa mbali, na huingilia kati tu penye hatari.

Sharti hilo ndilo huwakera wazazi, na kwangu mimi ndilo safari yenyewe. Mwalimu akiwepo, kila swali huishia kwake.

Nichukue mfano wa binti mmoja wa kidato cha pili, kiranja wa darasa, hodari wa kutoa amri. Katika safari ya majaribio, ile inayotangulia safari ya kupimwa kwa ajili ya tuzo, kwenye vilima vya Ngong alishika ramani peke yake na kutangulia mbio. Walipofika kwangu walikuwa wamechelewa sana, na mvulana mmoja mkimya alikuwa na malengelenge miguu yote miwili. Jioni, ugali ukisongwa, niliuliza ni wapi walipopotea. Yule mkimya akajibu bila kuinua macho: "Kwenye njia panda. Niliona tumekosea, lakini Kiranja hakuuliza mtu."

Binti alinyamaza. Nami sikuongeza neno, ingawa ualimu una kiherehere chake.

Safari iliyopimwa ilipofika, ramani ilikuwa mkononi mwa mvulana yule. Kiranja alitembea nyuma kabisa, sambamba na mwenye mwendo wa pole, na kila waliposimama alikuwa akiuliza nani ana maji na nani mguu unamuuma. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mamake, kwa taarifa yenu, anasema nyumbani bado sufuria haziguswi.

Ndiyo maana safari ya majaribio haipaswi kurukwa, ingawa shule zenye haraka hutamani sana kuiruka. Mara ya kwanza kijana hupata matokeo ya uamuzi wake, tena akiwa bado na nafasi ya kuamua upya. Zile ziara za basi na hoteli, ambako msemaji wa kutia moyo huzungumza saa mbili kisha vyeti vikagawiwa, hazimpi nafasi hiyo. Zina raha yake, lakini uamuzi mgumu hapo ni soda ya rangi gani.

Kuwaacha vijana watembee wenyewe si kuwatelekeza. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kutia sahihi, muulize msimamizi haya: watoto wamefundishwa huduma ya kwanza na kusoma ramani kwa muda gani? Atakutana nao wapi na saa ngapi, na wasipotokea atafanya nini? Gari la dharura litasimama wapi? Anajua nani ana pumu? Akibabaika, usitie. Akikujibu bila kutafuta maneno, mpe mtoto viatu alivyokwisha kuvizoea, wala usimnunulie vipya wiki ya safari.