Kifua kikuu cha mapafu: panya anatuonyesha nini, na wapi anatupoteza?

Wagonjwa ni wengi duniani. Kwa nini ugonjwa huu uchunguzwe kwa wanyama?

Kwa sababu mgonjwa hajui siku aliyoambukizwa wala alivuta vimelea vingapi, na pafu lake haliwezi kufunguliwa kila wiki ili litazamwe. Mnyama wa maabara huambukizwa siku inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana. Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, Machi 24, 1882, kwamba amekipata kimelea cha kifua kikuu, ushahidi wake mzito ulitoka kwa simbilisi: aliwachoma vimelea alivyovikuza mwenyewe, nao wakaugua.

Panya huugua kama sisi?

Huugua, lakini pafu lake halifanani na letu. Kwa binadamu, seli za kinga hukizingira kimelea na kujenga kinundu kiitwacho granuloma. Katikati ya kinundu tishu hufa, ikawa laini kama jibini. Kinundu kikipasukia kwenye njia ya hewa, huacha tundu, mara nyingi sehemu ya juu ya pafu, na tundu hilo hujaa vimelea vinavyotoka kila mgonjwa anapokohoa. Panya wa kawaida wa maabara hana jibini hilo wala tundu. Vinundu vyake ni mkusanyiko wa seli tu, na vimelea hukaa ndani ya seli hizo. (Upo ukoo mmoja wa panya, C3HeB/FeJ, ambao vinundu vyao huoza katikati, siku hizi unatafutwa sana.)

Tofauti ya pili naiona kubwa zaidi. Katika watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu wanaokuja kuugua maishani, ikiwa kinga yao haijadhoofishwa na VVU au jambo jingine. Wengine hubaki na maambukizi yaliyolala. Panya hana usingizi huo: vimelea hubaki vingi pafuni miezi mingi, hadi pafu linaharibika.

Basi kwa nini watafiti hawamwachi panya?

Ni nafuu, huzaana haraka, na jeni zake zinaweza kuondolewa mojamoja. Mwaka 1993 panya walionyimwa jeni ya interferoni gama (protini ambayo seli za kinga hutumia kuamshana) walishindwa vibaya na kifua kikuu. Mwaka 1996 wakaelezwa watoto wenye kasoro kwenye kipokezi cha interferoni hiyohiyo, wakiugua vikali kwa vimelea vya jamii ya kifua kikuu. Hapo panya alitangulia kusema kweli.

Na wanyama wengine?

Simbilisi huugua kwa vimelea vichache mno. Ndiyo maana katika miaka ya 1950, huko Baltimore, walipitishiwa hewa iliyotoka wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakaambukizwa, na ikathibitika kwamba ugonjwa husafiri hewani. Sungura hupata matundu ya mapafu, hasa kwa kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe. Anayetukaribia zaidi ni kima aina ya makaki: akipewa vimelea vichache, baadhi huugua na baadhi maambukizi hulala. Ila ni ghali, na kumtumia kuna maswali ya kimaadili.

Panya amewahi kuwapoteza watafiti?

Ndiyo. Kwa panya, dawa ya moksifloksasini ilionekana kuweza kufupisha tiba kutoka miezi 6 hadi 4. Ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,900. Matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha kwamba waliotibiwa miezi 4 walirudiwa na ugonjwa zaidi. Maelezo mojawapo yanaturudisha kwenye lile jibini: dawa hii hupenya kwa shida katika tishu iliyokufa, na panya waliotumika hawakuwa nayo.

Nimesikia kuna dawa iliyoponya panya haraka. Niache vidonge nikipata nafuu?

Usiache. Nafuu huja mapema, vimelea vilivyojificha vikiwa bado hai. Tiba ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Ipo tiba ya miezi 4 yenye rifapentini na moksifloksasini, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 2,500 na matokeo yake kutolewa mwaka 2021. Kama inakufaa, mhudumu wako wa afya ndiye atakayekuambia, kwa kuangalia umri, vipimo vyako na hali ya ini.