Mhafidhina na uovu wa serikali: yale tunayoyakosea kuhusu Watergate

Katika Kiswahili cha magazetini neno "mhafidhina" limepinda. Ukisoma habari za Zanzibar au Dodoma na ukakuta "wahafidhina ndani ya CCM", picha inayokujia ni ya mzee asiyetaka katiba iguswe. Basi msomaji wetu akisikia wahafidhina wa Marekani wanalalamikia maovu ya serikali, huona kama mambo hayaendani. Mimi niko upande wao. Naamini serikali ikinenepa mwananchi hukonda, na mamlaka yasiyo na uzio humharibu hata mtu mwema. Ndiyo maana zinaniuma dhana hizi ninazokutana nazo kila habari za Washington zinapojadiliwa.

"Mhafidhina kazi yake ni kumkingia kifua rais wa chama chake."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na siku hizi hata wahafidhina wenyewe wameanza kuiamini. Tazama jinsi Richard Nixon, rais wa chama cha Republican, alivyoondoka kwa kashfa ya Watergate, ya watu kuvamia ofisi za chama pinzani cha Democratic na Ikulu kujaribu kuificha. Tarehe 7 Agosti 1974, watu watatu walikwenda kumwona Ikulu: seneta Barry Goldwater wa Arizona, seneta Hugh Scott wa Pennsylvania na mbunge John Rhodes, kiongozi wa Warepublican katika Baraza la Wawakilishi. Wote wa chama chake. Goldwater ndiye aliyegombea urais mwaka 1964 akihubiri serikali ndogo, na wahafidhina walimheshimu kama baba. Nixon alihitaji kura 34 za maseneta ili apone katika kesi ya kumng'oa. Wazee hao wakamwambia kweli tupu, kwamba alizobaki nazo ni kama 15 hivi. Kesho yake usiku akatangaza kwenye televisheni kwamba anajiuzulu.

Miezi mitano kabla, Machi 1974, seneta James Buckley wa New York, aliyeingia Seneti kwa tiketi ya Chama cha Wahafidhina cha jimbo hilo, alikuwa tayari ameshamtaka Nixon ajiuzulu.

Lakini ninayempenda zaidi ni Caldwell Butler, mbunge wa Roanoke, Virginia, mhafidhina wa kweli kweli aliyekuwa katika Kamati ya Sheria ya Baraza, iliyokuwa ikijadili mashtaka ya kumng'oa Nixon. Mama yake mzazi alimwandikia barua kumwonya kwamba akimpinga Nixon, mustakabali wake kisiasa umekwisha. Butler akamjibu kwa adabu kwamba huenda mama amesema kweli, ila utiifu kwa chama haumwondolei wajibu alio nao. Tarehe 25 Julai akasimama mbele ya kamati akawakumbusha wenzake kwamba kwa miaka mingi Warepublican wamefanya kampeni dhidi ya rushwa na maovu ya upande wa pili. Kisha akasema: "Lakini Watergate ni aibu yetu."

Yetu. Hakusema yao.

Nisiwapambe kupita kiasi. Kati ya Warepublican 17 wa kamati ile, sita waliunga mkono shtaka la kwanza na saba la pili. Kumi walisimama na Nixon mpaka pale kanda ya sauti ya ofisini kwake ya Juni 23, 1972 ilipotolewa, akasikika mwenyewe akikubali CIA itumike kuizuia FBI isiendelee na upelelezi. Hapo ndipo na hao kumi walipomwacha. Na kuna aliyelipia: Lawrence Hogan wa Maryland, Mrepublican pekee aliyepiga kura ya ndiyo kwa mashtaka yote matatu, mwaka huohuo alishindwa kupata tiketi ya chama ya ugavana. Butler, aliyeonywa na mama yake, wapiga kura wake walimrudisha Novemba.

"Nixon aliangushwa na magazeti ya mrengo wa kushoto."

Magazeti yalifanya kazi yao, tena nzuri. Ila kesi ilianzia mlangoni. Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, mlinzi kijana wa miaka 24, Frank Wills, alikuwa zamu katika jengo la Watergate, akilipwa kama dola 80 kwa wiki. Kwenye mlango wa maegesho ya chini aliona utepe wa gundi umebandikwa juu ya ulimi wa kitasa ili mlango usijifunge. Akaubandua, akidhani mafundi wameusahau. Aliporudi baadaye akakuta utepe mwingine pale pale. Hapo akapiga simu polisi, na watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic.

Sasa tazama mkondo uliofuata. Jaji aliyewabana washtakiwa, John Sirica, aliteuliwa na Eisenhower, rais wa Republican. Swali lililofichua kwamba Nixon anajirekodi ofisini liliulizwa faraghani Julai 13, 1973 na Donald Sanders, mwanasheria wa upande wa Republican katika kamati ya Seneti iliyoichunguza kashfa hiyo. Mahakama ya Juu ilipomwamuru Nixon atoe kanda, Julai 24, 1974, majaji wote wanane walikubaliana, na watatu kati yao aliwateua Nixon mwenyewe. Hukumu aliisoma Warren Burger, mmoja wa hao watatu. Kwetu tumezoea kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Pale ngedere walikataa.

"Spiro Agnew naye aliondoka kwa Watergate."

Hapana. Makamu wa rais huyo alijiuzulu Oktoba 10, 1973 kwa sababu ya hongo za makandarasi wa Maryland, ambazo bahasha zake ziliendelea kumfuata hata alipokuwa makamu. Hakupinga shtaka la kukwepa kodi, akatozwa faini ya dola 10,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka mitatu. Alikuwa kipenzi cha wahafidhina kwa jinsi alivyowashambulia waandishi wa habari. Mwendesha mashtaka aliyemfuatilia, George Beall, alikuwa Mrepublican, na kaka yake alikuwa seneta wa chama hichohicho.

"Rais akishapigiwa kura ya kumwondoa na Bunge, ameng'olewa."

Wakenya hili wanalifahamu kwa macho yao: Oktoba 8, 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa naibu rais Rigathi Gachagua, lakini ilibidi Seneti nayo iamue, tarehe 17. Marekani ni hivyohivyo. Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida, Seneti huhukumu kwa theluthi mbili. Andrew Johnson mwaka 1868 aliponea kura moja. Clinton alishtakiwa, Trump mara mbili, wote wakaachiwa. Nixon hakufika hata hatua ya kwanza, aliondoka kabla Baraza zima halijapiga kura.

"Hayo ni ya zamani."

Baada ya Watergate, mwaka 1978, Marekani ilitunga sheria ya kuweka wakaguzi wakuu ndani ya wizara, watu wa kuchungua wizi na matumizi mabaya bila kumwogopa waziri. Kwa mtu anayedai serikali ndogo, hakuna ofisi iliyo rafiki kuliko hiyo. Januari 24, 2025, siku nne tu baada ya kuapishwa, Donald Trump aliwafuta kazi takriban 17 kwa mkupuo. Sheria inataka Bunge lijulishwe siku 30 kabla, pamoja na sababu. Seneta Chuck Grassley wa Iowa, Mrepublican mkongwe aliyetumia miongo kuwatetea wafichua maovu, aliandika barua pamoja na mwenzake wa Democratic, Dick Durbin, kumtaka rais aeleze.

Wengi wa wachambuzi wa kihafidhina ninaowasoma walilipita jambo hilo, na wengine wakasema rais ana haki ya kuchagua watu wake. Kama angekuwa Biden aliyewafuta wale 17, najua wangeandika nini, kwa sababu na mimi ningeandika nao. Grassley alikuwa na miaka 91 alipotia saini barua ile. Sitaki wachambuzi hao wabadili imani yao. Nataka waweke majina yao chini yake.