Babu hakukimbia mke, alikuwa dago: namna ya kumtafuta mvuvi wa samoni wa Uskoti

Kazi ya kutafuta nasaba za watu nimeifanya miaka mingi sasa, na familia nyingi ni za hukuhuku Uskoti ninakoishi, na kama kuna watu wanaopotezwa ovyo kwenye miti ya ukoo basi ni wavuvi wa samoni. Unakuta mtu mmoja kagawanywa kawa wawili, mwingine kazikwa kabla ya siku zake, mwingine kasingiziwa katelekeza watoto, na sababu ni ileile, aliyetafuta kafuata jina peke yake hakuifuata kalenda ya kazi.

Nianze na ya nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa anajua jambo moja tu kuhusu babu wa babu yake, kwamba alivua samoni mto Spey, kaskazini mashariki mwa Uskoti, na kwamba alimuacha mkewe na watoto. Hilo neno limetembea kwenye ukoo toka kwa bibi mpaka mjukuu na lilikuwa linamuuma kweli. Ushahidi wao ni sensa ya 1881. Kijiji upande wa mji wa Keith, mke yupo, watoto wanne wapo, mwanamke kaandikwa mke wa mvuvi wa samoni, mume hayupo. Basi ndugu mmoja kaipandisha mtandaoni hivyohivyo, hapa baba kishaondoka, na wengine wote wakanakili.

Sasa tulia hapo kwanza uangalie tarehe. Sensa ile ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa Jumapili tarehe 3 Aprili. Sheria ya samoni ya 1862 ilitaka nyavu zifungwe siku 168 kila mwaka ili samaki wapande mtoni kuzaa, kila mto ukapangiwa tarehe zake, na Spey ikawa inafungwa 27 Agosti mpaka 10 Februari. Kwa hiyo mwezi wa nne mwanamme yuko kazini, ana zaidi ya wiki saba tayari toka msimu ufunguliwe. Na kazi yenyewe sio ya kwenda asubuhi ukarudi jioni, wanakaa kambi mlangoni mwa mto, kibanda cha mawe, moto mmoja, vitanda vya mbao ukutani, wanavua kufuatana na maji kujaa na kutoka, usiku ama mchana. Mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi kule Pemba, nikimsimulia haya hahitaji maelezo, hilo ni dago, kambi ya wavuvi walio mbali na kwao, mume yuko dago, nani kasema kakimbia?

Uvuvi wenyewe nao usiuchanganye na wa baharini. Mtoni walikuwa wanatumia kitu kama juya, wavu wa kukokota, mashua ya chini bapa inazunguka na wavu halafu watu wanauvuta ukingoni, na pwani walisimamisha nyavu juu ya miti zinazofanya kazi kama wando wetu, ule uzio wa kunasia samaki. Wale wavuvi wa bahari wa vijiji vya kaskazini mashariki walikuwa hata jina la samoni hawalitaji chomboni, ni mwiko, wanamwita samaki mwekundu. Ni watu tofauti, na kwenye makaratasi makarani waliwatofautisha, huyu mvuvi, huyu mvuvi wa samoni. Ukiona hayo maneno mawili ya ziada usiyapuuze hata kidogo, manake yanakwambia nani mwajiri wake. Samoni Uskoti hakuwa wa kila mtu. Haki ya kumvua ni mali peke yake, inaweza kuuzwa au kukodishwa mbali na ardhi iliyo kando ya mto, na pale mlangoni mwa Spey ilikuwa ya ukoo wa Gordon na baadaye Duke wa Richmond. Hivyo jamaa hawa ni waajiriwa wa msimu, na panapokuwa na mwajiri pana daftari. Makaratasi ya Gordon yako Edinburgh kwenye hifadhi ya taifa, fungu GD44, na mvuvi ambaye hana nyumba yake wala shamba anaweza kukosekana kwenye daftari za kodi za nyumba kabisa (zile za kuanzia 1855 hazikulazimika kumtaja mpangaji wa pango la chini ya pauni 4 kwa mwaka) kumbe yuko kwenye hesabu za tajiri.

Turudi 1881. Nikaacha kijiji, nikaenda kwenye tovuti ya ScotlandsPeople nikatafuta parishi (maeneo ya kanisa) za mlangoni mwa mto, jina la kwanza na umri tu, jina la ukoo nikaliachia nafasi maana makarani walikuwa wanaandika wanavyosikia. Ukurasa ukafunguka. Wanaume sita nyumba moja, na sensa za Uskoti toka 1861 ziliuliza idadi ya vyumba vyenye dirisha, hapo kimeandikwa 1. Chumba kimoja watu sita. Mkubwa wao kawekwa mkuu wa nyumba, wengine chini yake, kazi ya wa kwanza imeandikwa kirefu halafu waliobaki wana alama ya kurudia tu. Wa nne ndo yeye. Jina la ukoo limekosewa herufi mbili, umri sawa, hali ya ndoa kaoa, na parishi aliyozaliwa ni ileile ya kwenye karatasi za ndoa yake. Nilinyanyuka kwenye kiti.

Kuna watakaouliza, mbona wengine wa kambi hizohizo nawakuta nyumbani kwao usiku uleule? Ni swali zuri na jibu lake liko kwenye sheria ileile. Nyavu zilitakiwa zikae kimya toka Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na sensa zile zote ni usiku wa Jumapili. Kwa hiyo anayekaa karibu alikuwa anatembea anaenda kwake analala anarudi, na anayekaa mbali, zaidi ya maili kumi kama huyu wetu, wiki nyingine anakwenda wiki nyingine anabaki. Usiku mmoja tu wa sensa ndo umemfanya awe mtoro miaka mia na zaidi, inasikitisha.

Jingine linalowagawa watu ni vyeti. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali 1 Januari 1855, na vyeti vyake ni vizuri sana, cha kifo kina majina ya baba na mama wa marehemu mpaka jina la mama la kabla ya kuolewa, kwa hiyo mimi siku zote naanza na kifo narudi nyuma. Cha kuzaliwa kina mpaka saa aliyozaliwa mtoto, na toka 1861 kina tarehe na mahali walipooana wazazi. Lakini kazi ya baba inabadilika na majira. Mtoto kazaliwa Juni, baba mvuvi wa samoni. Mdogo wake kazaliwa Desemba, baba kibarua. Mtafutaji anasema hawa ni baba wawili tofauti. Hapana, nyavu zimefungwa, mtu huyo yuko shambani kwa mtu, au baridi ikishika anapasua barafu kwenye madimbwi na kuijaza kwenye nyumba ya barafu ya Tugnet iliyojengwa 1830 pale Spey, mana toka miaka ya 1780 samoni alikuwa anapelekwa London kwenye barafu, kabla ya hapo wakimchemsha wanamtia siki kwenye mapipa. Ukitaka kuwaunganisha hao baba wawili angalia tarehe ya ndoa kwenye vyeti vyote viwili, ikiwa moja umemaliza.

Nyuma ya 1855 hali inakuwa ngumu, unabaki na vitabu vya ubatizo vya parishi na vina mapengo, 1783 mpaka 1794 palikuwa na ushuru wa peni tatu kila ukiandikisha na masikini wengi wakaacha, halafu 1843 kanisa likagawanyika. Hapo kinachonisaidia ni majina. Waskoti wa zamani mtoto wa kwanza wa kiume walimpa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Wakikuyu wanaosoma hapa najua wanatabasamu, ila binti wa kwanza Waskoti walikuwa wanaanza na bibi mzaa mama. Sio sheria ya kukata, lakini inakupa pa kuanzia.

Basi nikamwita mama mkwe jikoni nikamuwekea vyeti viwili mezani. Cha kwanza, mtoto wa Juni 1879, baba mvuvi wa samoni, aliyekwenda kuandikisha ni bibi wa mtoto, kaweka alama ya X kwa sababu baba hayupo kijijini. Cha pili kilikuwa hakijafunguliwa na mtu yeyote kwenye ukoo, manake kwao baba alikuwa keshaondoka. Mtoto wa tano, kazaliwa katikati ya Januari 1882 saa tisa usiku, baba kibarua, na chini pale kwa mwandikishaji kuna sahihi ya baba mwenyewe, herufi kubwa zinazoyumba, imeandikwa yupo.

Mama mkwe akahesabu kwa vidole, Januari, Desemba, Novemba, akafika Aprili, akanyamaza. Halafu akasema, kwa hiyo wiki zile alitembea maili zote hizo akaja nyumbani. Nikamwambia ndiyo mama, alikuja. Akaomba kalamu, akaichukua ile karatasi ya mti wa ukoo aliyopewa na mama yake, na pale palipoandikwa kaondoka akapapiga mstari mwenyewe.