Siku za Harakati za Ontario: zilikuwa nini?

Siku za Harakati ni jina la migomo na maandamano yaliyoendeshwa na vyama vya wafanyakazi katika jimbo la Ontario, Kanada, kati ya Desemba 1995 na Juni 1998, kupinga serikali ya jimbo kubana matumizi. Harakati hizo zilihama mji baada ya mji, jumla miji 11. Kuziita maandamano tu ni kuzipunja, kwa sababu siku hizo kazi zilisimama.

Juni 1995 chama cha Progressive Conservative cha Mike Harris, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo baada ya hapo, kilishinda uchaguzi wa Ontario kwa ahadi ya kupunguza kodi na gharama za serikali. Mwaka haujaisha, posho ya watu wasio na kipato ikakatwa kwa asilimia 21.6. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano, na aliyekatwa ni mtu ambaye posho yote huishia kwenye pango na chakula. Sheria iliyowazuia waajiri kuleta watu wa kushika kazi za wagomaji nayo ikafutwa.

Kwa nini basi hazikuitwa mgomo? Kwa sheria za Ontario, wafanyakazi ambao mkataba wao wa pamoja haujaisha muda hawaruhusiwi kugoma. Hapo ndipo vyama vilipobuni mbinu ninayoiona ya busara kuliko zote: kubadilishana malango. Alfajiri, wafanyakazi wa sehemu nyingine walikwenda kusimama mbele ya lango la kiwanda kisicho chao. Wafanyakazi wa kiwanda hicho wakifika zamu ya asubuhi walikuta mabango na wenzao wamesimama bega kwa bega, na katika desturi ya vyama vya wafanyakazi, mstari wa wenzako hauvukwi. Kiwanda kikalala.

Ilianza tarehe 11 Desemba 1995, katika baridi ya London (ile ya Ontario, si ya Uingereza). Februari 1996 ikafuata Hamilton, mji wa viwanda vya chuma, ambako watu wapatao 100,000 waliandamana. Kilele kilikuwa Toronto, Oktoba 1996: Ijumaa treni za chini ya ardhi na mabasi ya mji hayakutembea, na Jumamosi umati unaokadiriwa kufika watu 200,000 au zaidi ukaelekea Queen's Park, lilipo bunge la jimbo.

Umati huo ulificha ufa. Mwaka 1993, kabla ya Harris, serikali ya jimbo ya Bob Rae, ya chama cha siasa cha NDP (New Democratic Party) kilichokuwa rafiki wa wafanyakazi, ilikuwa imeingilia mikataba ya watumishi wa umma na kuwalazimisha kuchukua siku za mapumziko bila malipo. Kuna vyama vya wafanyakazi ambavyo havikusamehe jambo hilo. Vingine vilibaki na NDP, vikiamini kwamba dawa ya Harris ilikuwa sanduku la kura, na baadhi vikakaa kando harakati zilipopamba moto. Kwa maoni yangu, mgawanyiko huo uliwaumiza wafanyakazi kuliko polisi au mahakama.

Mwishoni mwa 1997 walimu wapatao 126,000 waliacha madarasa kwa wiki mbili, wakipinga muswada uliohamishia mamlaka mengi ya shule kwa serikali ya jimbo. Muswada ukapita. Kingston ulikuwa mji wa mwisho, Juni 1998, na mwaka mmoja baadaye Harris akachaguliwa tena. Mgomo wa jimbo zima, ambao wanaharakati wengi waliudai tangu mwanzo, haukuitishwa.