Kabla hujabadilisha vidonge vya damu kwa unga wa mlonge

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini, swali linalonifikia mimi mtu wa lishe ni lile lile: “Si nitumie tu mlonge?” Sina ugomvi na mimea, naishauri kila siku. Ila kwanza tupige hesabu.

Himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya katikati), huo ni upungufu wa damu. Ujauzito wenyewe unachangia: maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, huku mtoto na kondo la nyuma vikihitaji madini ya chuma. Mahitaji hufika miligramu 27 kwa siku.

Sasa chukua spirulina kavu, unga wa mwani wa majini ambao nao huuzwa kama wa kuongeza damu. Gramu 100 zina takriban miligramu 28 za chuma, na hiyo ndiyo namba wauzaji wanayoipenda. Lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha chakula hubeba gramu 7 hivi, yaani miligramu 2 tu. Unga wa majani ya mlonge nao hauendi mbali na hapo. Kidonge cha damu cha kawaida, yaani feras salfeti, cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Bitiruti ndiyo kabisa: gramu 100 hazifikishi hata miligramu 1. Wekundu wake ni rangi tu.

Kwa hiyo mimea naiweka pembeni ya kidonge, haichukui nafasi yake. Itumie na tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, na chai au kahawa isubiri saa moja au mbili. Kwenye mlonge ni majani tu. Mizizi na magome mjamzito asiguse, kwani yanaweza kuchochea mji wa mimba. Spirulina iwe imepimwa usalama, maana ikivunwa kwenye maji machafu huweza kubeba sumu na metali nzito. Na kwa asiyekula nyama: vitamini B12 inayotajwa kwenye spirulina, sehemu kubwa mwili hauwezi kuitumia.

Wengi hukimbilia unga kwa sababu vidonge vimewatia kichefuchefu au choo kigumu. Usiviache kimyakimya. Mwambie mkunga wako. Aina inaweza kubadilishwa, au ukapangiwa kumeza siku moja na kupumzika inayofuata. Choo kuwa cheusi kisikutishe, ni chuma hicho.

Rudi upimwe baada ya wiki nne hivi. Damu isipopanda ilhali unameza ipasavyo, tunatafuta kwingine: malaria, minyoo, selimundu, upungufu wa foliki asidi. Himoglobini ikiwa chini ya 7, au pumzi zinakukatika ukiwa umekaa tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.