Injini ya turbo kwenye Hilux kuukuu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Kigoma hii, mwenye Hilux ya 5L (injini ya dizeli ya Toyota isiyo na turbo) aliyechoka kupanda kwenda Kasulu na mzigo kwa gia ya pili huja anaulizia 1KD, dizeli ya Toyota yenye turbo. Hana kosa. Kosa ni sentensi inayofuata: "Nataka injini tu, fundi, vingine vyote gari linavyo."

"Injini tu inatosha."
Havipo hivyo vingine. 5L inataka waya mmoja wa kuzimia na hosi mbili za mafuta, basi. 1KD bila kontroo boksi yake, yaani kompyuta ya injini, ni chuma cha kukalia. Na si kontroo boksi yoyote: kila nozeli ina namba ya fidia (ya kusahihisha kiasi cha dizeli inachomwaga) iliyoandikwa kichwani, na namba hizo zimehifadhiwa kwenye boksi lililotoka na injini ile. Ukileta boksi la gari jingine bila kuingiza namba upya kwa mashine, injini itagonga na kutoa moshi, kisha fundi alaumiwe.

Kwa hiyo nunua kipande chote cha mbele cha gari lililotoa injini, waya zikiwa hazijakatwa: kontroo boksi, lile boksi la pili linaloendesha nozeli, pedeli ya mafuta (ni ya umeme, ya kebo haifai), sensa zote, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake. Kama gari lilikuwa na imobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo), dai na ufunguo wake. Muuzaji akisema waya "zitaungwa tu", mwachie injini yake.

Injini ikiwa bado chini, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) utazame chujio la kunyonyea oili. 1KD zinajulikana kwa washa za shaba za nozeli kuvujisha: masizi yanaingia kwenye oili, chujio linaziba, bearingi na turbo zinakosa oili. Safisha, weka washa mpya. Ni kazi ya saa chache injini ikiwa sakafuni. Ikishafungwa, ni balaa.

Tangi nalo lishushwe lioshwe. Kutu na maji ya dizeli ya madumu, ambavyo pampu ya 5L ilivimeza miaka yote, vinaua pampu na nozeli za 1KD. Funga chujio lenye kitenganisha maji na uyamwage maji yake mara kwa mara.

"Gia boksi la zamani litavumilia."
Nguvu ya kuzungusha ya 5L ni karibu Nm 200. 1KD ya gia za mkono inatoa Nm 343. Klachi itaanza kuteleza, kisha meno ya gia yafuate. Chukua boksi la 1KD, na propela (shafti za kwenda kwenye difu) zikatwe au zirefushwe kisha zibalansiwe. Ukibadili difu, badili ya mbele na ya nyuma kwa uwiano uleule. Zikitofautiana, siku utakapoweka foo wili kwenye barabara kavu ndipo transfa itavunjika.

"Afadhali nifunge turbo kwenye 5L hiyohiyo."
Mgandamizo wake ni karibu 22 kwa 1. 1KD za mwanzo ni 17.9. Ukiongeza hewa ya turbo juu ya mgandamizo huo, hedi na gasketi ndizo zitakazolipa.

"Toa thamosteti, injini ipoe."
Hapana, hapana, hapana. Thamosteti nyingi za Toyota za dizeli zina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Injini inayochemsha inataka rejeta kubwa zaidi, kava la feni na hewa yote itolewe kwenye maji. Thamosteti nzima ibaki mahali pake.

"Turbo haihitaji matunzo."
Oili kila kilomita 5,000. Ukimaliza mlima na mzigo, iache ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Kiangazi kagua kila klipu ya bomba la hewa, kwa sababu vumbi likipita baada ya chujio linakula mapezi ya turbo.

"Kadi ya gari haina shida."
Kadi ina namba ya injini. Tunza risiti na nyaraka za forodha za injini mpya, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi irekebishwe, na uwaarifu wa bima.