Doki ina matundu matatu ya picha, mbona monita moja tu inawaka?

Jibu karibu kila mara liko kwenye laptopu, si kwenye doki. Doki ya kawaida ya USB-C, yaani kisanduku cha kuunganishia monita na vifaa vingine kwenye laptopu kwa waya mmoja, haitengenezi picha. Inapokea picha ambayo laptopu imekwisha kuitengeneza, kisha inaigawa kwenye matundu yake ya HDMI na DisplayPort. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, kagua tundu la USB-C la laptopu yenyewe. Alama ya radi yenye mshale kwa kawaida ni Thunderbolt, aina ya kasi zaidi ya muunganisho kwenye tundu la USB-C, na hapo picha ipo. Herufi D na P zilizoshikana ni DisplayPort, mfumo wa kupitisha picha, na hapo pia picha ipo. Kama hakuna alama, soma vipimo vya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli, maana yapo matundu ya USB-C yanayopitisha data na chaji tu. Hayo hayatoi picha hata uchomeke doki ya bei gani. Tena laptopu moja inaweza kuwa na matundu mawili yanayofanana kabisa, moja linatoa picha na jingine halitoi.

Tundu likishakubali, kinachobaki ni hesabu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Waya kamili wa USB-C una njia nne za kasi. Doki nyingi hutumia mbili kwa picha na kuacha mbili kwa data ya USB 3. Kwa toleo la DisplayPort 1.2, njia mbili hizo hupitisha gigabiti 8.64 za picha kwa sekunde. Monita ya 1920×1080 kwa herzi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hula takriban 3.3, ya 2560×1440 karibu 5.8, na ya 4K (3840×2160) zaidi ya 12. Basi monita mbili za 1080 zinaenea bila taabu. Ya 1440 pamoja na ya 1080 zinazidi: moja itashushwa ubora au itabaki nyeusi. Ya 4K itakubali kwa herzi 30 tu, na utaona kishale cha kipanya kinaburuta. Laptopu yenye DisplayPort 1.4 hupitisha gigabiti 12.96 kwa njia mbili hizohizo, kwa hiyo 4K moja ya herzi 60 inapita, ila kwa kubanana. Ukitaka 4K mbili za herzi 60 bila kupiga hesabu, nenda Thunderbolt 4: laptopu yenye nembo hiyo ni lazima izimudu.

Watumiaji wa Mac wana mtego wao. Windows hupanua picha tofauti kwenye monita kadhaa kupitia waya mmoja wa DisplayPort, kwa utaratibu unaoitwa MST. macOS haifanyi hivyo: kwenye doki ya MST, monita zote mbili za nje zitaonyesha kitu kilekile. Doki ya Thunderbolt huondoa kikwazo hicho, lakini haiongezi uwezo wa chipu. MacBook zenye chipu ya Apple ya M1 au M2 ya kawaida, zisizo za Pro wala Max, huendesha monita moja tu ya nje. MacBook Air ya M3 huendesha mbili, kwa sharti kwamba umefunga kifuniko.

Njia ya kuzunguka mipaka hiyo ni doki za DisplayLink. Hizi husafirisha picha kama data ya USB iliyobanwa, kwa msaada wa draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, unayoisakinisha kwenye laptopu, kwa hiyo hata tundu la zamani la USB-A linafaa. Kwenye Mac, draiva hiyo huomba ruhusa ya kurekodi skrini. Ukiikataa, monita haziwaki. Kwa maandishi na majedwali naziona zinatosha kabisa. Kwa michezo au kuhariri video, hapana: prosesa inabeba mzigo wa kubana picha, na filamu zenye ulinzi wa kunakili zinaweza kuonekana nyeusi.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi fupi. Chomeka adapta ya umeme ya doki kwanza, kisha monita, laptopu mwisho. Tumia waya uliokuja na doki. Waya wa chaja mara nyingi ni wa USB 2.0, hauna zile njia za kasi, kwa hiyo laptopu itachaji na kipanya kitafanya kazi, ila picha hakuna. Ukiona hali hiyo, shuku waya kabla ya kushuku doki. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua. Monita ikigoma, Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huwasha upya draiva ya picha.

Umeme nao una hila zake. Adapta ya wati 100 haiipi laptopu wati 100 zote, kwani doki na vilivyochomekwa humo vinachukua sehemu yao. Laptopu ya kazi nzito inaweza kuendelea kupungukiwa betri huku ikionyesha inachaji.

Na adapta ndogo za kubadili tundu zina upande. Ile ya bei nafuu inayotoka DisplayPort ya doki kwenda HDMI ya monita haifanyi kazi ukiigeuza. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye saketi yake, na mara nyingi huwa na waya wa USB wa kukipa umeme.